Kaseti ya Bwana Miti

Nilipomwona tena Bwana Miti alikuwa ameshika sahani ya pilau, amevaa sweta la kijani, anawachekesha watu. Ilikuwa sherehe ya kipaimara ya mtoto wa Watanzania wenzetu, Brooklyn Center, kwenye ukumbi wa chini wa jengo la fleti. Nje theluji ilikuwa imeganda mpaka ikawa na rangi ya majivu. Mimi nilikuwa mlangoni navua mabuti. Sauti yake niliisikia kabla sijauona uso, na mguu mmoja ukiwa bado ndani ya buti nikajua kwamba ni yeye.

Sauti ile ndiyo iliyosimama mahakamani ikasema, "Mheshimiwa, huyu kijana mimi simfahamu."

Kijana mwenyewe alikuwa kaka yangu.

Kwetu ni Usambara, juu kabisa, mahali ambapo mashamba yanaishia na msitu wa serikali unaanza. Si msitu wa kupandwa. Ni msitu wa asili, wenye mikulo iliyokuwapo kabla ya babu wa babu zetu, ile miti ambayo ukipasua mbao yake kijiji kizima kinanuka kafuri. Msimamizi wake ni afisa misitu, na watu wa kwetu humwita Bwana Miti. Kazi yake ilikuwa na nyundo. Mti wa serikali haukatwi mpaka Bwana Miti aufikie kwa miguu yake, auchubue gome chini kabisa, karibu na mizizi, kisha aupige nyundo ya chuma yenye herufi za serikali. Mti ukishaanguka, alama inabaki kwenye kisiki. Kisiki chenye alama ni halali. Kisiki kitupu ni wizi, na mwizi lazima apatikane.

Huyu wetu alikuja na neno jipya: kupunguza. Kwenye mashamba ya misonobari neno hilo lina maana yake. Miti ikibanana unatoa myembamba na iliyopinda ili inayobaki inenepe. Yeye alilichukua akapanda nalo kwenye msitu wa asili. Akaajiri vijana wenye mashoka, kaka yangu akiwa mmoja wao, akawaambia tunapunguza, ni agizo la serikali. Ajabu ni kwamba iliyopunguzwa ilikuwa mikulo minene tu. Myembamba na iliyopinda iliachwa kama ilivyo. Lori lilikuja, likapakia, likaondoka, na nyundo ilikuwa imefungiwa ofisini muda wote huo. Kijijini tukaanza kulitumia neno lake kwa mzaha. Mtoto akidokoa nyama jikoni, mama anauliza, "Nani kapunguza mchuzi wangu?"

Mzaha ukaisha siku wakubwa wa mkoa walipokuja kukagua wakakuta visiki vitupu. Bwana Miti aliwatembeza msituni na uso wa mtu aliyefiwa. Akawapeleka moja kwa moja hadi kwa mama, akalionyesha shoka la kaka yangu lililokuwa nyuma ya mlango. Mahakamani akasema ile kauli ya kwamba hamfahamu. Hakimu alimtazama bwana mwenye suti, akamtazama kijana mwenye ndala.

Kaka alifungwa. Alipotoka, mchumba wake alikuwa analea mtoto wa mwanamume mwingine. Alijifunza kutengeneza redio, akafungua kibanda kwenye gulio, kazi nzuri, lakini alibaki kuwa mwizi wa serikali. Msibani ikipotea sufuria, macho yanamgeukia. Akija mtu na redio mbovu anakaa hapohapo kuilinda mpaka iwe nzima. Alikuwa na hamu ya kitu kimoja tu duniani, na aliniambia mimi peke yangu: watu wa kwetu wasikie, kwa mdomo wa yule bwana mwenyewe, nani alimtuma.

Mimi sikukaa kuona mengi. Nilimaliza kidato cha nne nikashuka Tanga, nikaenda Dar es Salaam, nikavuka hadi Nairobi, na nilipochoka kuhama nchi hizo nikahamia Minneapolis. Hata huko nilihama fleti kila mkataba ulipokwisha. Jumapili nilipanda basi lolote lililokuja nikaenda mpaka mwisho wa njia, nikarudi nalo. Siku moja kwenye duka la dawa nilifungua kopo la dawa ya kuchua, harufu ya kafuri ikanipiga, nikabaki nimesimama hapo mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Nilitaka kumwambia ndiyo.

Sasa mtu aliyeipakia harufu ile kwenye lori alikuwa anakula pilau hatua chache kutoka nilipo.

Mwenye sherehe akamtambulisha: mzee wetu, kaja kusoma shahada ya pili ya misitu, yuko kule Saint Paul, tumpigie makofi. Watu wakapanga foleni kumwamkia. Shikamoo mzee, shikamoo mzee, na yeye marahaba, marahaba, mkono unapokea kama anagawa pipi. Zamu yangu ikafika. Kanipita kwa miaka mingi, na kwetu mtu akikuzidi umri unamwamkia hata kama ni jirani aliyekuibia kuku. Nikampa mkono nikasema, "Habari yako."

Ukumbi ulisikia. Mwenye sherehe alinifinya kiunoni. Yeye alisita kidogo, akatabasamu, akasema, "Nzuri tu, dada. Wa wapi wewe?"

"Tanga," nikasema. Hakunifahamu. Nilikuwa binti wa kubeba ndoo alipokuja kwetu kulitafuta shoka, naye nilimpa maji ya kunawa.

Majira yale ya baridi niliishi na mtu huyo kichwani. Nilifanya kazi kwenye ghala moja kule Eagan, kufunga bidhaa kwenye maboksi, na kila boksi nililopiga utepe nilimfunga yeye ndani. Nilifikiria kwenda kwa walimu wake. Nani angenisikiliza, na Kiingereza changu cha ghalani? Nilifikiria kumtangaza kwenye sherehe nyingine. Wangesema dada yule ana wivu na wasomi, na pilau ingeendelea. Sikutaka watu wa Brooklyn Center wajue. Nilitaka wajue watu wa kwetu, waliogeuza macho pale msibani.

Njia ilinijia ndani ya basi. Nilikuwa na Mkenya niliyepanga naye fleti, mwanamke mcheshi, mdomo haumtulii. Mbele yetu alikaa Mzungu mwenye kofia ya manyoya yenye masikio. Mkenya akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba tuko sebuleni, "Cheki huyu. Ameua paka akaivaa."

"Nyamaza, atasikia."

"Asikie na nini? Na hiyo paka?"

Tulicheka mpaka tukapitiliza kituo. Ndivyo tulivyokuwa wote, Watanzania, Wakenya, Wakongo. Mbele ya Wamarekani tulikuwa na chumba chetu, na mlango wake ulikuwa Kiswahili. Ukishaingia unasema lolote: mshahara, ugonjwa, umbea, siri ya ndoa. Kwenye foleni ya benki watu wazima walikuwa wanaambiana mambo ambayo nyumbani wangeyanong'ona chumbani. Hakuna aliyejiuliza kama chumba kile kina dirisha.

Nikasema moyoni, nitamwingiza humo.

Theluji ilipoanza kuyeyuka tukasikia kwamba mzee wetu atazungumza Jumamosi mchana kwenye maktaba moja Saint Paul. Kulikuwa na chama cha wenyeji waliokuwa wakigombana na serikali yao kuhusu misitu ya asili ya huko kaskazini. Serikali iliruhusu makampuni kupunguza misonobari ya kale, wenyeji wakalalamika kwamba wakaguzi hufika malori yakiwa yameshaondoka. Walitaka kusikia nchi nyingine husimamia vipi. Wakamwalika yeye.

Nilinunua kinasa sauti kidogo na kaseti mpya. Mkenya akasema, "Nita-drive mimi. Hii sinema siwezi miss."

Ukumbi ulijaa wazee wenye mashati ya drafti na kina mama wenye viatu vya kupandia milima. Serikali ya huko ilimleta mtu wake, bwana mnene aliyekaa pembeni amekunja mikono. Nilikwenda mbele kabla hakujaanza, nikamwonyesha Bwana Miti kile kinasa sauti. Nikamwambia nataka kurekodi ili watu wa nyumbani wasikie kijana wao anavyotuwakilisha.

Alifurahi! Alikivuta yeye mwenyewe karibu na kipaza sauti, akasogeza sahani ya biskuti ili kikae vizuri. "Hapo itasikika safi," akaniambia. "Watumie. Wasikie."

Akazungumza. Siwezi kusema hakuzungumza vizuri. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kama suruali yake. Aliwaeleza habari ya nyundo. Kwetu, alisema, hakuna mti wa umma unaoanguka bila afisa kuufikia kwa miguu, na kisiki ndicho shahidi. Aliwaonyesha picha ukutani, nikauona msitu wetu. Niliuona mteremko ambao nikiwa mtoto niliokota kuni. Wale wenye mashati ya drafti wakaanza kutikisa vichwa na kumtazama mtu wa serikali yao kana kwamba wanamwambia, unaona? Mama mmoja akauliza kama upo uwezekano wa afisa mwenyewe kuwa mwizi. Bwana Miti akacheka kwa upole, akasema ndiyo maana nyundo hufungiwa ofisini.

Walimpigia makofi. Katika makofi hayo nikapita mbele kama mtu anayefuata biskuti, nikageuza kaseti upande wa pili. Kitaa chekundu kikawaka. Nikarudi kwenye kiti changu nikanyoosha mkono.

Nikawaambia kwa Kiingereza changu cha maboksi kwamba nina swali, ila naomba niulize kwa Kiswahili, na mgeni wetu atatafsiri. Ukumbi ukatabasamu. Wanapenda mambo hayo.

"Karibu, dada," akasema.

"Asante. Ile mikulo iliyopunguzwa kwenye msitu wa serikali juu ya kwetu. Yule kijana aliyefungwa kwa ajili yake, nani alimtuma akaikate?"

Tabasamu lilibaki mahali pake. Macho ndiyo yaliyoondoka. Akageukia watu, akawaambia kwa Kiingereza kwamba dada anauliza jinsi tunavyowashirikisha vijana katika kazi za misitu. Swali zuri sana. Kisha akanirudia kwa Kiswahili, sauti laini, meno yote nje.

"Wewe ni nani?"

"Mdogo wake. Tumbo moja."

"Kwa hiyo ndiyo maana hukuniamkia."

"Ndiyo maana."

"Dada yangu, haya si mambo ya hapa. Kaa chini."

"Nitakaa ukinijibu. Hawa hawasikii Kiswahili. Hapa ndani tuko mimi na wewe."

Alitupa jicho ukumbini. Nyuso nyekundu, zenye heri, zikisubiri tafsiri. Mkenya wangu alikuwa nyuma kabisa, ameinamisha kichwa ndani ya gazeti. Niliona mabega ya Bwana Miti yakishuka, jinsi mabega ya mtu yanavyoshuka akifunga mlango wa nyumba yake. Alikuwa ameingia chumbani.

"Nilimtuma mimi," akasema. "Umefurahi? Nilimtuma mimi, na lori nililileta mimi. Kila mtu alijua. Wakubwa wametoka mkoani, hawawezi kurudi mikono mitupu. Ulitaka wamchukue nani? Mimi nilikuwa na ofisi. Yeye alikuwa na shoka."

"Na mahakamani ukasema humfahamu."

"Ningesema nini? Kwamba ni mpwa wangu? Mdogo wangu, wewe umesoma kidogo, utanielewa. Msitu ule ulikuwa unapunguzwa kabla yangu na unapunguzwa mpaka leo. Kaka yako alikula miaka yake akatoka. Yuko hai. Mwambie ashukuru."

Akageukia watu. Vijana, akawaambia kwa Kiingereza, ni uti wa mgongo wa msitu wowote, sisi huwafundisha wakiwa bado wadogo. Wakapiga makofi tena. Hata yule bwana mnene wa serikali alikunjua mikono akapiga.

Nilisubiri makofi yatulie. Kisha nikasema kwa sauti iliyofika kwenye kipaza sauti, "Asante, mzee. Shikamoo."

Alishangaa. Lakini mdomo wa mtu mzima wa kwetu hauwezi kuiacha shikamoo ikae hewani.

"Marahaba," akasema.

Nikaenda mbele, nikabonyeza kitufe, nikatia kinasa sauti mkobani. Alinitazama mkono; kumbe alikuwa amekisahau. Sijawahi kuona uso ukipoteza damu namna ile. Watu walikuwa wamemzunguka, mama mmoja amemshika kiwiko anamuuliza habari za tembo, na yeye anageuza shingo kunitafuta juu ya vichwa vyao. Nikampungia.

Garini Mkenya hakuwasha injini. Alipiga usukani kwa viganja. "Wee! Umemmaliza huyo buda! Na ile shikamoo ya mwisho, aki, hiyo ilikuwa ya nini?"

"Ili watu wa kwetu wasiseme ni mwigizaji," nikasema. "Marahaba yake wanaijua."

"Sasa si upeleke hiyo tape ubalozini? Afutwe kazi."

"Si ya ubalozi."

Nesi mmoja wa kutoka Tanga alikuwa anakwenda likizo. Kaseti ikasafiri ndani ya soksi zake. Sikujua kaka ataifanyia nini. Kama angeniuliza ningesema aipeleke kwa mkuu wa wilaya. Hakuniuliza. Aliifunga kwenye spika kubwa ya kibandani kwake siku ya gulio, katikati ya wauza viazi na wauza mitumba, akaipiga. Nesi alikuwapo, akanisimulia. Alisema watu mwanzoni hawakuelewa, wakadhani ni mchezo wa redio. Halafu mzee mmoja akasema, hiyo si sauti ya Bwana Miti? Ilipofika "yeye alikuwa na shoka", mwanamke aliyekuwa anapima viazi aliacha kupima. Wakamwomba kaka arudie. Akarudia. Gulio lililofuata, akarudia.

Mchumba wake wa zamani alikuja kusikiliza akiwa na mtoto mgongoni. Alisimama mpaka mwisho, akanunua betri ambazo hakuzihitaji. Kwenye msiba uliofuata kaka alipewa ashike daftari la rambirambi na sanduku lake.

Bwana Miti hakupata hasara yoyote serikalini, nisidanganye mtu. Alimaliza shahada yake, akarudi nyumbani, akapangiwa ofisi kubwa kuliko ya kwanza. Lakini mama yake alikuwa anaishi kijiji cha pili kutoka kwetu, na kila gulio alikuwa anakuja kuuza ndizi. Aliacha kuja. Watoto walikuwa wanamfuata njiani wakiigiza ile marahaba.

Simu ililia kwenye fleti yetu jioni moja nikiwa natoa ugali jikoni. Hakunisalimu.

"Dada, mwambie kaka yako aizime. Mama yangu ni mgonjwa wa presha."

"Mama yangu alikuwa na presha pia."

"Nakuomba."

"Mwombe yeye. Kwake unakujua. Shoka lilikuwa nyuma ya mlango."

"Unafurahia kumwadhibu mama mtu mzima?"

Nilifikiri kidogo, kwa kuwa ameuliza. "Ndiyo," nikasema, nikakata.

Watu waliosikia habari hii wameniambia mengi kuhusu yule bibi. Labda wana haki. Mimi namkumbuka mama yangu akienda gerezani kwa miguu na kikapu cha ndizi, akirudi nacho kimejaa kwa sababu haikuwa siku ya kuona wafungwa. Hakuna aliyesimama njiani kuniuliza kama hilo ni sawa.

Baada ya mvua za masika za mwaka uliofuata ikaja kaseti kutoka nyumbani. Kaka si mtu wa maneno. Alirekodi salamu, akataja nani kafa, akasema mahindi yamekubali. Kisha akasema, "Sikiliza hii. Nilikuwa najaribu redio ya mwalimu, nikasikia mtu uani, nikaiacha inarekodi."

Wakasikika kuku. Halafu nikaisikia sauti ya Bwana Miti, bila kipaza sauti, bila Kiingereza.

"Hodi."

Kijiko kikagonga sahani.

"Hodi hapa. Wenyewe mpo?"

Kaka alikuwa anakula. Nilimsikia akitafuna. Nilisikia akijimiminia maji kwenye kikombe, akinywa, akikiweka chini. Kwetu mtu akibisha hodi unamwambia karibu hata kama nyumba inaungua. Unamwambia karibu kwanza, halafu unamwambia nyumba inaungua.

"Hodi, ndugu yangu. Ni mimi. Nimekuja kwa miguu."

Kijiko kikarudi sahanini. Nje kuku walitawanyika, kama mtu amehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda wa pili. Baadaye sauti ikasema jina la kaka yangu, jina lake kamili, pamoja na la baba, vilevile lilivyosomwa mahakamani. Kwa hiyo alikuwa anamfahamu.

Kijiko cha kaka kikagonga tena. Aliendelea kula bila haraka mpaka chakula kikaisha, na kaseti ikaisha kabla ya mtu yeyote kuondoka.